Mama Gongagonga na Paa la Shule ya Kwetu

Anayesoma haya ni mdogo wa mwisho wa marehemu. Naomba mnivumilie, maana hadi sasa siamini. Jumatano asubuhi dada alinituma sabuni dukani. Leo Jumamosi nasoma wasifu wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili wa mpiga chapa na mshona nguo, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na nyumba hizo, tuliyosoma sote, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1990.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na manispaa kukagua majengo ya shule. Aligonga kila ukuta kwa kinyundo asikie kama plasta imeachia, ndipo watoto wakamwita Mama Gongagonga. Alipenda kwenda mvua ikinyesha, aone madawati yamesogezwa wapi kukwepa paa linalovuja. Wakubwa walitaka shule ya barabara kuu ipakwe rangi kwanza. Wazazi wenye sauti walimpigia simu mpaka chaji ikaisha. Yeye alikuwa na swali moja tu: "Nani ataumia kwanza?" Huko ndiko mafundi walikokwenda, upende usipende.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala. Walijuana marehemu alipomkatalia mara mbili kenchi, zile mbao za kubeba paa, za bwalo la shule moja. Shemeji husema, "Nilidhani nikimwoa atalegeza. Wapi! Harusi haijapoa, akanikatalia na madirisha."

Hapa huwekwa habari za ugonjwa. Dada hakuugua hata mafua.

Shule ya kwetu hakuwahi kuikagua, asije akaambiwa anapendelea mtaa wake. Alimwachia mkaguzi mwenzake. Mwenzake akahamishwa, nafasi yake haikujazwa, foleni ya matengenezo ikasonga bila sisi. Shemeji alimwambia, "Mama watoto, lile paa linapinda, nalitazama kila siku." Akajibu, "Nikijianzia kwetu, kwingine nani ataniamini?"

Tarehe 13 Novemba 2024 ilinyesha mvua kubwa. Mchana mjukuu wake wa darasa la nne alirudi kula, akasema, "Bibi, leo tumebanwa wote upande mmoja wa darasa." Dada aliacha chakula, akatoka mbio bila hata mwavuli. Alipofika, watoto waliokula shuleni walikuwa wamesharudi darasani na mwalimu wao. Aliwatoa watoto, akamtoa mwalimu, yeye akawa wa mwisho. Kabla hajaufikia mlango paa likashuka. Paa zima, jamani! Sahani yake bado iko mezani, hakuna aliyethubutu kuiosha.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka yetu mkubwa na mimi.

Jana wakubwa wa manispaa walikuja kutupa pole, wakaahidi kwamba kwa heshima yake mafundi wataanza na shule ya kwetu. Shemeji aliinua kichwa.

"Paa la kwetu limeshaanguka," aliwaambia. "Anzeni na yale ambayo bado yako juu ya vichwa vya watoto."

Pumzika sasa, dada. Watoto wote walitoka.