Mwalimu wa Alama: Bibiana Tluway, 1938–1988

Tunayemzika leo ni Bibiana, binti wa Mzee Tluway na Mama Margareth. Alizaliwa Kainam, Mbulu, tarehe 14 Machi 1938.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akahitimu ualimu mwaka 1957. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na walimu walimchapa kwa hilo. Kicheko hakikumtoka.

Januari 1960 alifunga ndoa na Nikodemu, dereva wa trekta. Walijaliwa binti mmoja, Domitila.

Mwaka 1968 alihamishiwa Malambo. Huko, mtoto wa wafugaji aitwaye Moloimet, aliyekuwa bado na meno ya utoto, alimwonyesha ng'ombe wakipita, akimtaja mwenye kila mmoja kwa kutazama chapa ya ubavuni. Jioni Bibiana alimwambia mumewe, "Baba Domitila, huyu anasoma ng'ombe. Herufi zitamshinda nini?" Tangu hapo hakuanza tena na ubao. Alianza na chapa za mifugo, pakiti za chumvi, viberiti, na maneno ya kanga walizobebewa watoto.

Mwaka 1973 alipata kazi ya kufundisha watoto wa vibarua katika shamba moja la kahawa juu ya Karatu. Kila mtoto alichagua alama yake, naye akaichora kwenye kikombe cha uji na kuandika jina chini yake. Watoto wale walijua kusoma kabla ya kuingia darasa la kwanza.

Ignas, mtoto pekee wa Natalia, mchuma kahawa kutoka Singida, alichagua fuvu la kwenye makopo ya dawa ya kahawa.

"Mwalimu, mimi nataka huyu anayecheka."

"Hiyo ni alama ya sumu, baba."

"Basi mimi ni Sumu."

Darasa zima likacheka. Bibiana naye akacheka, akachora fuvu, na chini yake, kwa utani, akaandika SUMU. Natalia, ambaye hakujua kusoma, alipokuja kumchukua mwanawe alikigeuzageuza kile kikombe.

"Umemwandika nini?"

"Jina lake, mama Ignas," alisema Bibiana, watoto wakijiziba midomo.

Tarehe 3 Septemba 1979 Ignas aliliona kopo kando ya pampu za dawa. Sintamei, mwenzake wa darasani, alieleza baadaye kwamba Ignas alilisoma vizuri, kwa kidole. "Hili langu," alisema. "Lina jina langu." Akanywa. Gari lilipofika hospitali alikuwa ameshakata roho.

Shamba lilimwachisha Bibiana kazi. Nikodemu alirudi kwao, akisema hawezi kunywa chai iliyomiminwa na mkono ule. Njiani watoto walimwita Mwalimu Sumu, naye aliitika.

Alikwenda kuomba msamaha. Natalia alikuwa anapepeta mahindi, kikombe cha mwanawe kiko pembeni.

"Siku nitakayojua kulisoma jina la mwanangu hapa," alisema, "ndiyo nitakusamehe. Na hutanifundisha wewe."

Bibiana alipaswa kumwambia siku ile kilichoandikwa. Hakuthubutu. Alifundisha kisomo cha watu wazima kijijini, na kila jioni aliacha kiti kimoja wazi karibu na mlango. Natalia alipita na mzigo wake wa kuni, asigeuke. Bibiana alimwomba Mungu ili mama huyo aingie, na kwa pumzi hiyohiyo akaomba asiingie.

Saratani ya koo ilimwanza mwaka 1986, ikamnyang'anya sauti. Tarehe 17 Julai mwaka huu Natalia alikuja na kikombe. Alikuwa amejifunza kusoma huko Rhotia, kwa mwalimu mwingine. Alisimama kando ya kitanda, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Su," alisoma. "Mu."

Bibiana alimshika upindo wa kanga.

"Miaka yote hii nimekiweka chini ya mto," alisema Natalia. "Nikilibusu hilo neno." Aliivuta kanga yake polepole, akatoka.

Sauti iliporudi kidogo, Bibiana alimwagiza Domitila haya yote yasomwe leo, yasipunguzwe. Alifariki alfajiri ya tarehe 10 Agosti 1988.

Ameacha binti yake Domitila, wajukuu wawili, mdogo wake Philbert, na wengi walioshika karatasi hii ambao yeye ndiye aliyewafundisha kuisoma. Natalia yupo nasi, amesimama kule nyuma. Kwenye msalaba, marehemu amekataza kuchorwa alama yoyote. Liandikwe jina lake tu.

Mungu amlaze mahali ambapo kila mtu huitwa kwa jina lake la kweli.