Mashuka Thelathini na Mkutano wa Nne

Benchi letu liko mlangoni mwa jengo: ubao mmoja juu ya matofali. Wa pembeni akiinuka ghafla, wa upande wa pili anabusu lami. Mimi ndiye katibu wa wakazi. Shule niliiacha mapema, hasara ikabaki kwao, lakini mwandiko wangu hata maadui wanausifu, na maadui ninao wengi maana uzuri una gharama zake. Siku hiyo ilikuwa saa nane mchana. Msimamizi wa jengo alishatutangazia kwamba amesikia kuna malalamiko juu ya Dobi kuanika nguo kule paani. Kabla ya saa kumi tumpelekee karatasi ya makubaliano, saini nne kati ya nyumba zetu sita, la sivyo mlango wa paa unakula kufuli. Na mikutano tulishafanya mitatu! Wa kwanza tuligombania nani akae mbele. Wa pili nikasoma kumbukumbu za wa kwanza, watu wakabisha kwamba hawakubisha. Wa tatu nikasoma kumbukumbu za wa pili, na mimi naandika kila kitu hadi kikohozi, jua likazama niko ukurasa wa kumi na tisa. Paa lenyewe halijatajwa hata mara moja.

Dobi alikuwa amekalia ndoo. Mbele yake mabeseni mawili, mashuka thelathini ya nyumba ya wageni, yote mabichi.

Dobi: Jamani, saa mbili zimebaki. Haya yakianza kunuka, yule mama wa nyumba ya wageni ananinyang'anya kazi. Nyumbani kwangu tunakula kwa mashuka haya.

Mwenyekiti: Tulia, mdogo wangu. Mvumilivu hula mbivu.

Dobi: Mbivu zilishapita, mzee. Sasa hivi zinaoza.

Mwenyekiti wetu ni kinyozi, na anaongea kama anavyonyoa: polepole, na huruhusiwi kuinuka kabla hajamaliza.

Mwenyekiti: Mkutano wa nne lazima uwe na tija. Kwanza tutafute ugonjwa wa ile mitatu uko wapi.

Simenti: Ugonjwa ni viti!

Huyu Simenti ni fundi muashi wa ghorofa ya pili. Hata akikusalimia unahisi umepigwa lipu.

Simenti: Mtu akikaa, maneno yanamjaa. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Basi mkutano ufanyike tukipanda ngazi! Tunaanzia chini na hoja, tukifika juu, mwenye pumzi ndiye mwenye haki.

Mwenyekiti: Atashinda kijana yeyote mwenye miguu.

Mimi: Katibu anaunga mkono.

Mwenyekiti: Katibu huna kura kwenye miguu yako mwenyewe.

Muuza kahawa akacheka hadi birika likamtikisika mkononi. Jengoni kwetu hakai, ila mawazo yake yana chumba.

Muuza kahawa: Ngazi ni za nini? Anayetaka kuongea nampa kikombe cha moto, kiganjani, bila kushika sikio la kikombe. Aongee mpaka mkono useme basi. Haba na haba hujaza kibaba.

Simenti: Hapo haba iko wapi?

Muuza kahawa: Maneno haba, kaka. Kibaba ni malengelenge.

Mwenyekiti: Mimi naona tuongee wote kwa pamoja, pumzi moja, kwa sauti kubwa. Wazo litakalosikika hadi mtaa wa pili ndilo lipite.

Simenti: Halafu mtaa wa pili ndio watupigie kura?

Mwenyekiti: Kwani wana ubaya gani? Wao hawagombani!

Ikabidi niwape elimu. Watu wenye vyeti hawajui vitu hivi.

Mimi: Sikilizeni, mabwana. Dawa ni kumbukumbu kutangulia mkutano. Leo naandika mtakachosema kesho, nawagawia, kila mtu anakariri ugomvi wake. Mkutano unakuwa mazoezi tu. Mwenyekiti, wewe nimeshakuandikia vikohozi viwili.

Mwenyekiti: Viwili? Mimi? Nikohoe kama paka wa jikoni?

Simenti: Mwongezee! Na mimi niandike nimepiga meza.

Dobi: Na mimi niandike nimelia! Saa tisa na nusu hiyo, ndugu zangu!

Alisema kweli, kivuli cha jengo kilishatufikia magotini. Hapo ndipo akatoka dada muuguzi, yule aliyehamia ghorofa ya kwanza wiki iliyopita, anakwenda zamu. Akayaona mabeseni, akasimama.

Muuguzi: Shikamoo, mzee. Habari zenu, kaka zangu. Mashuka yanangoja nini?

Tukamweleza wote kwa pamoja, pumzi moja. Mtaa wa pili walisikia.

Muuguzi: Nimeelewa. Sasa, nani alilalamika?

Mwenyekiti: Dada, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Subiri kwanza tukufungue, ujue taratibu.

Muuguzi: Sawa, mzee. Lakini alilalamika nani?

Mwenyekiti akamtazama Simenti.

Simenti: Unanitazama mimi? Mimi nilidhani ni wewe!

Mwenyekiti: Mimi? Mashati yangu anayafua nani?

Wakanigeukia. Nikafunua daftari, kurasa zote, chafya zote, milango yote iliyobamizwa. Hakuna. Muuza kahawa, ambaye hata jengoni hakai, akaficha mikono mifukoni.

Muuguzi: Basi anayemkataa Dobi aseme.

Nyie! Benchi lile sijawahi kulisikia kimya. Nilisikia hadi birika likipumua.

Nikachana karatasi, nikaandika: “Dobi aanike.” Sijawahi kuandika kifupi hivyo, iliniuma. Dada akasaini akiwa amesimama, akaenda zake kazini. Simenti akasaini, nami nikapamba yangu kwa mikia miwili. Mwenyekiti akashika kalamu, akavuta pumzi ya kufungua hotuba, akakutana na macho ya Dobi, akasaini.

Dobi alinikabidhi karatasi niipeleke kwa msimamizi, akabeba beseni kichwani, akapanda ngazi mbili mbili. Niliporudi, saa kumi kasoro dakika tano, karatasi imepokelewa, shuka la kwanza lilikuwa limeshaning'inia ukingoni mwa paa, jeupe, linachuruzika. Tone likashuka ghorofa zote, likatua ndani ya kikombe cha kahawa cha Mwenyekiti.

Akalitazama. Tukamtazama.

Akanywa.