Magonjwa ya Mzee Jamaldini

Kijiwe chetu cha Daraja Mbili, mbele ya meza ya kahawa ya dada Princess, leo hakina mzaha. Asubuhi mzee Jamaldini kaanguka hapa hapa kwenye benchi, kikombe mkononi. Wanawe wamemkimbiza hospitali. Sisi tumebaki tunabishana, maana kukaa kimya kumetushinda. Mzee yule tunampenda, basi.

— Ni sukari, alisema Waziri, fundi viatu tuliyempa cheo kwa kupenda hotuba. Imempanda kichwani.

— Sukari wapi! alibisha Loishiye, muuza mbuzi. Mzee ana sukari, presha na moyo. Vimegombana humo ndani. Presha inavuta juu, sukari inavuta chini, moyo ndio refa.

— Refa kapigwa, sio? aliuliza Waziri.

— Kapigwa!

— Acheni ujinga, alidakia Princess. Ni husuda ya watu. Nani mwingine hapa mtaani watoto wake wamegawana magonjwa ya baba yao? Said humpeleka kliniki ya presha, Hafidha ya sukari, Twahira ya moyo. Kila mtu na lake, hakuna anayetegea.

Hapo hatukubisha. Watoto wale tunawasifu kila siku.

Mara Twahira akashuka kwenye bodaboda, macho mekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Mzee vipi?

— Hajazinduka. Presha imeshuka mno. Kumbe kliniki ya moyo nayo ilimpa vidonge vya kushusha presha. Mimi nampa asubuhi, Said anampa jioni vya kwake. Hatukuwahi kuulizana.

Princess akaliweka birika chini. Loishiye akavua kofia.

— Mimi nilikuwa namletea supu ya mizizi, alisema. Ya kutibu miguu.

— Na mimi vidonge vyangu vya mgongo, alisema Waziri. Alikuwa analalamika maumivu, mwanangu. Nilimwonea huruma.

Twahira hakutukaripia. Bora angetukaripia, maana tuliumia zaidi.

— Nawashukuru, baba zangu. Nitayasema yote. Ila daktari anataka mtu mmoja, anayejua kila kitu baba anachomeza. Amesema aje haraka. Niondoke na nani?

Dereva wa bodaboda akapiga honi. Twahira akasubiri kidogo, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akapanda peke yake.