Zamu ya Mikono Nyuma Kukaa Kigodani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uchoraji, mwalimu wetu Mikono Nyuma atastaafu tarehe 30 Novemba na kukabidhi ufunguo wa chumba cha sanaa. Jina hilo walimbandika wanafunzi, likamganda hata sisi walimu wenzake tukasahau lile la kwenye vyeti.

Asili yake ni hii: akipita kati ya meza hufunga mikono mgongoni, asije akashawishika kushika penseli ya mtoto. Hagusi karatasi ya mwanafunzi, hata sikio likichorwa shavuni. Huuliza maswali tu, mpaka mwenyewe alione kosa. Mimi, mwalimu wa hesabu chumba cha jirani, nilidhani ni uvivu.

Ushahidi kwamba haukuwa uvivu uko kwenye ukuta wa bwalo. Vikundi viwili vilichora ng'ombe mmoja, hawa wakianzia kichwani, hawa mkiani. Walipokutana katikati, ng'ombe akawa na miguu mitano. Mikono Nyuma aliliona kosa mapema, akawaacha waligundue wenyewe. Mkuu wa shule akaagiza ng'ombe huyo apakwe chokaa, wanafunzi wakamwombea msamaha. Yupo hadi leo, na tangu hapo hakuna kikundi kinachoshika brashi kabla ya kupangana.

Lakini lililonigeuza mimi ni la binti mmoja wa kidato cha tatu. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja amefura kumtoa kwenye somo la sanaa, akisema picha hazijazi sufuria. Nilimsikia kupitia ukuta. Binti alikuwa analia.

Mikono Nyuma hakubishana. Alieleza kwamba mtu wa kuchorwa siku hiyo hakufika, akamsihi mzee akae kigodani kidogo, kisha aondoke na mwanawe. Mzee akakaa, amenuna. Darasa zima likachora ule mnuno. Binti yake alichora mikono tu: makovu ya cheche, kidole kilichopinda, kucha zilizoingia masizi.

Baba aliitazama karatasi ile, akamuuliza binti huwa anamwangalia saa ngapi. Binti akamjibu kuwa kila jioni, baba akinawa. Mzee aliondoka peke yake. Wiki iliyofuata alirudi na kigoda cha chuma alichokiunda mwenyewe, maana kile cha mbao kilimuumiza kiuno. Akawa mchorwaji wetu wa kudumu.

Binti huyo sasa ni mwalimu, na ndiye atakayepokea ufunguo.

Mwalimu, asante kwa mikono uliyoizuia. Nimekuonea wivu miaka mingi, na leo nasema wazi kwamba tutakukosa sana. Ila tuna deni nawe. Tumepekua picha zote ulizochorwa na wanafunzi, hakuna hata moja yenye viganja vyako. Basi siku ya kuagana utakalia kigoda kile cha chuma, mikono magotini. Penseli tumeshachonga. Uzee wako uwe wa raha, afya isikuache, na nyumba yako isikose kicheko; lakini tafadhali, usiinuke kabla hatujamaliza.