Siku Kikao Kiliposhuka Ngazi

Asalaam aleikum, jamani. Bwana asifiwe. Na vijana wangu wa sokoni kule nyuma, mambo? Haya, poa.

Arobaini ya mama yetu familia wameshaisoma. Leo ni zamu yetu sisi tuliokuwa tukimsumbua. Nimeombwa nisitaje majina ya watu, na sitataja, hata lake. Mnamjua. Ni yule aliyekuwa akiuza khanga mtaa wa pili kutoka sokoni. Ukimpelekea shauri lako la kuonewa, anamwambia mteja ajihudumie, anavaa viatu, mnaondoka.

Mimi nilikuwa mvuta mkokoteni. Kariakoo pale, majora ya vitambaa yalikuwa yanapita mikononi mwangu, kutoka kwenye magari mpaka madukani. Nilikuwa na nguvu, na nilikuwa najisikia kweli. "Pisha! Pisha mzigo!" Asubuhi moja lori likarudi nyuma kwenye kichochoro, mimi niko kati yake na ukuta. Dereva hakuniona. Simlaumu, alilia kuliko mimi. Hospitali walijitahidi, lakini mguu wa kulia ikabidi ukatwe juu ya goti.

Ndugu zangu, nawaambia, maumivu ya kidonda yanaisha. Kilichonimaliza ni kukaa ndani. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Ilala. Mke wangu anadamkia Feri kuchukua samaki, anakaanga, anauza. Mimi niko nyuma ya pazia. Mtu akipiga hodi nanyamaza, adhani hakuna mtu. Nasikia watoto wa mwenye nyumba wanaambizana, "Usipige kelele, kuna mgonjwa humo." Mgonjwa! Nikaacha kunyoa ndevu. Mke wangu akiniuliza kitu, naitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa nawaza, siku akichoka ataondoka, na nitamwona ana haki.

Siku moja akaenda kununua khanga, akajikuta analia dukani mbele ya mtu asiyemjua. Jioni yake nasikia hodi. Nikanyamaza. Hodi tena. Nikanyamaza. Sauti ikaja, nyumba nzima ikasikia: "Baba, najua umo! Nina goti bovu na nimetembea kutoka Kariakoo. Fungua nikae!"

Nikafungua. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe uliyewekwa ndani kama mwali? Unachezwa lini?"

Mke wangu yuko pale anacheka sasa hivi, lakini siku ile aliziba mdomo kwa hofu. Mimi nikacheka. Hata leo sijui kwa nini. Ndicho kicheko changu cha kwanza tangu nitoke hospitali.

Hakuniuliza nimepatwa na nini. Aliniuliza nataka kufanya nini. Nikamwambia mafundi cherehani wa Kariakoo nawajua karibu wote, nimewabebea vitambaa miaka. Nikipata kizimba nitawauzia zipu, vifungo na uzi. "Basi omba," akasema. Soko letu lile dogo ndiyo kwanza lilikuwa limejengwa upya, vizimba vinagawiwa kwa kura. Nikaomba, jina langu likatoka. Mnaikumbuka furaha ile! Nikaenda na magongo yangu kukiangalia. Kiko ghorofa ya pili. Lifti hakuna. Ngazi zenyewe nyembamba, watu wanapishana kwa mabega, mizigo kichwani.

Nikamweleza afisa wa soko. Akanijibu, wala si kwa ubaya, "Kaka, kura ni kura. Kama huwezi kupanda, mwachie mwenzio anayeweza." Nikarudi nyumbani, nikashusha pazia.

Mama alipopata habari akaja tena. "Alhamisi uongozi wa soko una kikao, huko huko juu. Tunaenda."

Tulipofika chini ya ngazi, nikasimama. Watu wamejaa. Kupanda ningeweza, ila kwa makalio, ngazi moja moja. Mchukuzi mmoja niliyefanya naye kazi akajitolea kunibeba mgongoni. Nikasema, "Mama, mimi sibebwi kama gunia. Na sitatambaa mbele ya watu niliokuwa nawabebea mizigo."

Nilitegemea anibembeleze. Hakunibembeleza. Akaniangalia, akasema, "Sawa. Basi hatupandi."

Akakunja khanga yake, akaketi kwenye ngazi ya kwanza, akanionyesha pa kukaa. Muuza mihogo mmoja akauliza kuna nini. "Tuna kikao," mama akajibu. "Tunawasubiri wenzetu washuke." Muuza mihogo naye akaketi. Wakaja akina mama wa mboga. Akaja mzee mmoja asiyeona, akaja dada mmoja mjamzito aliyepata kizimba juu kama mimi. Ngazi zikajaa. Hakuna aliyetukana mtu. Tumekaa tu.

Mwenyekiti akachungulia kutoka juu. "Mama, mnaziba njia!"

"Anayetaka kupita tutampisha, mwanangu. Lakini njia hii imemzuia huyu bwana tangu ilipojengwa, na hukuja kuchungulia."

Akarudi ndani. Nikajua sasa wanaitwa mgambo. Natafuta magongo yangu. Kumbe mwenyekiti anashuka! Kabeba kiti chake mwenyewe, na wajumbe nyuma yake na viti vyao. Kikao kikashuka chini, jamani. Kikaja nilipo.

Nikadhani mama atanisemea. Akaninong'oneza, yeye ambaye kunong'ona alikuwa hajui, "Sema wewe. Mimi miguu yangu yote ninayo."

Nikasema. Maneno mengine siyakumbuki. Nakumbuka nilisema siombi msaada, naomba kizimba ninachoweza kukifikia. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu wa chini yuko tayari kubadilishana. Muuza vitenge mmoja akanyoosha mkono: yeye joto la chini linamuua, juu kuna upepo. Watu wakacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Kabla ya kufunga kikao wakakubaliana kuwa vizimba vya chini waulizwe kwanza wale wasioweza ngazi. Na hivyo ndivyo wanavyofanya mpaka leo.

Mama alipougua nilikwenda kumtazama. Nikaanza hotuba yangu ya shukrani, akanikatiza: "Wewe, ile zipu ndefu ya buluu umeniletea?" Nilikuwa nimeisahau. Akanicheka mpaka akakohoa. Siku chache baadaye alifariki usingizini, binti yake ameketi pembeni. Nililia, lakini nililia nikiwa mwepesi. Hakuna nilichotaka kumwambia ambacho alikuwa hakijui.

Namshukuru mke wangu, hakuchoka. Nawashukuru mlioketi pale kwenye ngazi. Wengine nawaona humu. Namshukuru mwenyekiti pia, kwa kushuka. Nilichojifunza ni hiki: mtu akikwambia jambo fulani hatalifanya kwa sababu linamvunjia heshima, msikilize. Usimbembeleze ameze. Kaa naye mtafute njia nyingine.

Na sasa tangazo. Yupo mama mmoja mjane, shemeji zake wamemfungia mlango wa nyumba aliyoijenga na mumewe. Jumatatu saa mbili asubuhi naenda naye ofisi ya kata. Anaogopa. Mimi pia naogopa kidogo, nisiwadanganye. Anayeweza kufuatana nasi, tukutane kizimbani kwangu. Siku hizi kila mtu anaweza kufika.