Verlin Ray Stutzman, Aliyewapeleka Wanawe Baharini Kila Februari

Verlin Ray Stutzman alizaliwa tarehe 11 Aprili 1969 mjini Goshen, Indiana, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Orie na Fern Stutzman. Alikulia Wakarusa, katika nyumba ya mbao nyuma ya ghala la nafaka, pamoja na dada yake Lavonne, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Mama yao alipenda kusema kwamba Lavonne alizaliwa analia, na Verlin alizaliwa anatazama mlango.

Marcene, mjane wa marehemu, alipoambiwa kwamba wifi yake ndiye atakayeandika wasifu, alitoa sharti moja tu. "Usimpake rangi, Lavonne. Andika kama ilivyokuwa. Watu wameshaanza kunong'onezana kule kwenye maegesho, bora wasikie kwetu." Kwa hiyo yafuatayo yameandikwa kwa idhini yake.

Mzee Orie, baba yao, aliunda magari-nyumba kiwandani kwa miaka thelathini, yale marefu yenye vitanda na jiko ambayo wastaafu huyaendesha kwenda kuikimbia baridi. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala ndani ya hata moja. Verlin alipokuwa na miaka saba, baba yake alimchukua Jumamosi moja akamkalisha kwenye usukani wa gari jipya lililokuwa likisubiri mnunuzi.

"Baba, hili linakwenda wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Na sisi je?"

"Sisi tunakwenda nyumbani. Mama yako amepika tambi."

Mtoto alishuka bila ubishi. Lakini wiki nzima alikaa mezani ameshika sahani kwa mikono miwili, akiizungusha polepole kama usukani, hadi mama akamwambia ale kabla hajagonga mti.

Verlin alisoma shule ya msingi hapa Wakarusa na sekondari huko Nappanee, akahitimu Mei 1987. Hakuwa mwanafunzi wa vitabu. Alikuwa mtu wa vipimo. Angeweza kukutazamia chumba akakuambia ukuta gani umepinda. Mwaka huo darasa lake lilikwenda Ohio kwa siku moja, kwenye uwanja mkubwa wa burudani kando ya ziwa. Kiwanda kilikuwa kimempumzisha mzee Orie tangu majira ya baridi, na Verlin hakuomba hata ruhusa. Alibaki shuleni akipanga vitabu maktabani na mwalimu mmoja. Kesho yake alimwambia dada yake, "Wamerudi wamebabuka na jua, wananuka sukari. Wote wanacheka kitu kimoja, na mimi sikijui." Hakulizungumza tena jambo hilo, na hakuna aliyedhani kwamba alikuwa bado analibeba.

Alijifunza kutandika sakafu kwa mjomba wake, na mwaka 1996 akaanza kazi yake mwenyewe. Vigae, mbao, zulia, chochote kinachokanyagwa. Wengi mliokaa humu leo asubuhi mmeshuka kitandani mkakanyaga kazi yake. Magoti yalimharibikia mapema. Marcene alikuwa akiwatania watu hapa kanisani kwamba mumewe anapiga magoti kuliko mchungaji, tofauti ni kwamba yeye analipwa kwa futi.

Walikutana mwaka 1991 kwenye chakula cha jioni cha kanisa, chini humu humu, Marcene Hochstedler akiwa upande wa kupakua tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda. Verlin alirudi kwenye foleni mara ya tatu.

"Kaka, wewe una njaa au una shida?" Marcene alimuuliza.

"Nina shida," alisema Verlin, na masikio yakawa mekundu.

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 19 Juni 1993. Mungu akawajalia watoto wawili, Kendra mwaka 1996 na Trent mwaka 1999. Kama mafundi wengi, Verlin alikuwa baba wa kuonekana kwa nadra. Aliondoka watoto wamelala, akarudi mgongo haumruhusu hata kuinama kuwabusu. Trent alipokuwa mdogo alimchora baba yake akiwa amelala kwenye kochi, buti zikiwa miguuni, na mwalimu akauliza kama ni mgonjwa.

Februari 2004 aliwatia wote ndani ya gari la kazi, akaondoa ndoo za gundi, akaweka magodoro, akaendesha hadi Florida. Walikula mikate waliyobeba kutoka nyumbani. Walipofika kwenye viwanja vya burudani, Kendra alishika mkono wa baba yake kwenye foleni ya mashua zinazoruka, na baba akaubana wa kwake hadi ukamuuma.

"Baba, unaogopa?"

"Hapana, mwanangu. Nimefika tu."

Kwa siku nne alikuwa nao kuanzia asubuhi hadi jioni. Alicheka kwa sauti ambayo Marcene anasema hakuwahi kuisikia kabla. Waliporudi alirudi pia kwenye kimya chake na kwenye vigae vyake, lakini mwaka uliofuata walikwenda tena, na mwaka wa tatu wakapanda meli ya kitalii kwenda visiwani. Tangu hapo ikawa kila Februari, na wakati mwingine Oktoba pia. Walimu walinuna, watoto walikwenda.

Nanyi mlimuuliza pesa anazitoa wapi. Hilo hatulifichi, kila mtu alimuuliza. Jirani yake Galen alimsimamisha hadharani pale kwenye duka la vifaa: "Verlin bwana, mimi na mke wangu tunafanya kazi wote wawili, tumefika Chicago tu. Umefukua hazina chini ya sakafu ya nani?"

"Ya mchungaji," Verlin alijibu. "Usimwambie, bado sijamaliza kuchimba."

Baada ya utani aliwaeleza watu ukweli, na ulikuwa ukweli mzuri. Nenda wakati shule hazijafungwa. Chukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwani nani huenda baharini kukaa chumbani? Endesha gari, usipande ndege. Beba chakula chako, usinunue hata kofia. Familia nyingi za hapa zilifuata ushauri huo na zikafika. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe.

Mwishoni mwa mwaka 2008, mnakumbuka, viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine kuanzia Elkhart hadi huku. Hakuna aliyekuwa anataka sakafu mpya. Verlin alikaa mezani na bili zake, akaona kwamba kuna kitu kimoja lazima kiachwe. Marcene alidhani ni safari. Alishajiandaa kuwaambia watoto. Lakini Verlin alisema hapana, mambo yatajipa, na Februari wakaenda. Alichokiacha ni bima yake ya afya. Ya Marcene aliilipa, ya watoto aliilipa, jina lake yeye akaliondoa. Alikusudia iwe kwa majira ya baridi yale tu. Kazi zilirudi, na kila mwaka alipanga kurudisha jina lake, na kila mwaka ilipofika siku ya kulipa akawaza watoto wanakua, muda uliobaki nao ni mfupi, yeye bado ana nguvu za kubeba mfuko wa saruji begani. Basi akalipia meli.

Masika ya mwaka 2016 alianza kuona damu chooni. Alijiambia ni bawasiri, ugonjwa wa mafundi wanaokaa chini. Alinunua dawa ya kupaka. Suruali zilipoanza kumlegea alitoboa tundu jipya kwenye mkanda, na Marcene alipouliza, akasema ameacha soda.

Februari 2017 walipanda meli kwa mara ya mwisho, wote wanne. Siku ya tatu, watu wakitoka kula chakula cha mchana, Verlin alianguka kwenye ngazi. Trent alimbeba hadi kwa daktari wa meli, na ilimshtua kijana kwamba baba yake ni mwepesi namna ile. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alimpima, akabonyeza tumbo, akabonyeza tena. Kisha akamwambia Marcene kwamba wakishuka tu bandarini, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kufika kwao. Akauliza bima yake ni ya kampuni gani.

Marcene alianza kutaja. Verlin alikuwa amefumba macho.

"Sina," alisema.

"Unayo, Verlin. Ile yetu."

"Yako ipo. Ya watoto ipo." Alifumbua macho, akatazama dari la chuma. "Yangu ndiyo hii tuliyopanda."

Kendra anasema mama yake hakupiga kelele. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki na kuuliza, tangu lini, na alipojibiwa, akaanza kuhesabu safari kwa vidole, kisha akaacha.

Hawakwenda hospitali ya bandarini, kwa sababu Verlin alikataa. Waliendesha kurudi nyumbani, Trent usukani. Kupitia Georgia yote na Tennessee yote Marcene hakumsemesha mumewe. Walipofika Kentucky walisimama kuweka mafuta, akaingia dukani akatoka na vikombe viwili vya kahawa, akampa kimoja kupitia dirishani.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ningekataa, na wewe ungekuwa mzima, watoto wangeninunia mwezi mmoja, basi."

Verlin alishika kahawa bila kunywa.

Saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwenye ini. Madaktari walifanya walichoweza. Nyumba ilitiwa rehani. Mwezi Mei kanisa hili liliandaa chakula cha jioni cha kumchangia, na mlikuja zaidi ya mia tatu, mkapanga foleni hadi barabarani, na familia inawashukuru kwa moyo wote. Lazima isemwe pia, kwa kuwa Marcene ameagiza isemwe, kwamba katika foleni ile kulikuwa na sauti iliyouliza kwa nini tumchangie mtu aliyekuwa akila kamba melini sisi tukila maharage. Kendra alikuwa anapakua saladi, akasikia. Aliweka kijiko chini na kusema, "Ni kweli, tulikula. Na mimi niliomba nyongeza." Kisha akaendelea kupakua. Jioni, wakiosha sufuria, alimwambia mdogo wake kwamba angejua, angezirudisha safari zote, kila picha, kila kitu, apate baba.

"Baba gani?" Trent alimjibu. "Yule wa kwenye kochi? Mimi sirudishi hata moja. Kule ndiko nilikomwona."

Walikosana hapo, na hadi leo hawajapatana vizuri. Tunawaombea.

Verlin alitandika sakafu hadi Julai, akiwa amekaa kwenye kigoda kidogo badala ya kupiga magoti. Jiko la mwisho lilikuwa la Galen, na Galen alimsogezea vigae mwenyewe, kimoja kimoja, wala hakumuuliza kitu. Kuanzia Septemba hakutoka tena nyumbani. Mchungaji alipomtembelea, alimwomba asiombe kwa maneno marefu. Siku moja Marcene, akimgeuza kitandani, alimuuliza kile ambacho alikuwa amejizuia kumuuliza tangu Kentucky: "Ilifaa, Verlin? Niambie tu kama ilifaa."

"Usiniulize mimi," alisema. "Mimi ninaumwa. Mgonjwa hujutia kila kitu." Baadaye akasema anaogopa. Akasema hakujua kwamba angeogopa hivi, na angejua, huenda angefanya tofauti, au huenda asingefanya. Marcene alipanda kitandani akalala ubavuni mwake, ingawa muuguzi alikuwa mlangoni.

Verlin Ray Stutzman alifariki nyumbani kwake Wakarusa siku ya Alhamisi tarehe 9 Novemba 2017, kabla ya saa sita mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka bila kushika chini. Mkewe alikuwa ameshika mguu wake, kwa sababu mikono ilikuwa inamuuma akiguswa.

Ameacha mke, Marcene, ambaye ataendelea kupika katika shule ya hapa, na ambaye nyumba yake itauzwa wakati wa masika. Mwenye kujua mahali pa kupanga pa bei ya wastani anaombwa amwone Lavonne. Ameacha binti, Kendra, wa Fort Wayne, aliyejikatia bima yake wiki ile ile waliyorudi, na anayewasihi mafundi wote mliomo humu mfanye hivyo. Ameacha mwana, Trent. Nafasi nne za safari ya Februari ijayo zilikuwa zimeshalipiwa pale pale melini, asubuhi ile, kabla Verlin hajaanguka kwenye ngazi. Kendra amesema hatakwenda. Marcene amesema hapandi meli tena maisha yake yote. Trent atapanda tarehe 3 Februari, peke yake, katika chumba cha watu wanne.

Ameacha pia dada mmoja, na sakafu nyingi ambazo hazijapinda.

Apumzike Verlin kwa amani. Na Bwana awashike hawa watatu, kila mmoja alipo, mpaka waweze tena kuketi meza moja.