Viberiti Arobaini na Vitatu

Risala ya Kikundi cha Walinzi wa Moto wa Kuoyiri kwa Mkuu wa Zimamoto wa Mkoa. Inasomwa na katibu, Evarista Kuuire.

Mgeni rasmi, Mkuu wa Zimamoto wa Mkoa; Naa wetu, mtawala wa Kuoyiri; wazee wetu; akina mama wa siagi ya shea; na ninyi watoto mlioambiwa mara tatu msiguse spika:

KARIBU

Sisi walinzi wa moto wa Kuoyiri, wanawake ishirini na sita na wanaume kumi na tisa, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Maji umekunywa. Kibuyu cha pito, pombe yetu ya mtama, umekionja, na tumeona umekirudia, kwa hiyo wewe si mgeni tena. Tangu Kuoyiri iwe Kuoyiri, hakuna mkubwa wa zimamoto aliyefika hapa bila kuitwa na moshi. Wewe ni wa kwanza kuja kutazama kitu ambacho hakijaungua, na jambo hilo limetufurahisha kupita kiasi.

HISTORIA YETU, PAMOJA NA AIBU YETU

Mgeni rasmi, kikundi chetu kilianza miaka sita iliyopita, Afisa Atipoka Ayamga alipoletwa kituo cha wilaya kusimamia kinga ya moto vijijini. Alikuja na mabango na filimbi. Filimbi tukawapa marefa wa mpira. Mabango yalikuwa ya karatasi nzuri, tukazibia madirisha.

Mwaka uleule wilaya ikatangaza baiskeli kwa kikundi kitakachozima mioto mingi kuliko vyote. Basi tukazima! Mioto kumi na tisa msimu mmoja, hakuna kijiji kilichotukaribia. Leo tunasema mbele yako kitu ambacho hakijawahi kuandikwa kwenye ripoti yoyote: mioto sita kati ya hiyo tuliiwasha wenyewe. Mzee Ziem, mwenyekiti wetu, alitaka sentensi hiyo niifute. "Evarista, mbona unatuvua nguo mbele ya mgeni?" Nikamjibu, "Mwenyekiti, tulizivua wenyewe siku ile. Mimi nasoma tu."

Moto wa sita ulitushinda. Aliuwasha mzee Ziem mwenyewe nyuma ya kilima, akitegemea kupata ndezi wawili wa mchuzi na alama moja ya baiskeli. Upepo wa kiangazi ukageuka. Moto ukala miti ya shea thelathini na mmoja ya mjane Perpetua Bayuo, aliyoachiwa na mama mkwe wake, iliyokuwa ikisomesha wanawe. Perpetua alikaa chini kwenye majivu. Baiskeli tuliipata. Tulimpelekea yeye, naye anaifungia mbuzi mpaka leo.

Sasa nani angemkemea mzee Ziem? Sisi ni watoto wake, na mtoto wa Kidagaaba hamwambii mzee kuwa amekosa mbele za watu. Afisa Atipoka alijaribu kwa hotuba. Wazee walimsikiliza, wakamshukuru, wakamchinjia kuku, na maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Msimu wa pili wawindaji walipanga kuchoma pori siku ya soko. Siku tatu kabla, kaka yake mzee Ziem akafariki kwa uzee. Kijiji kizima kikawa matangani, marimba yanalia, marehemu amekalishwa juu ya jukwaa lake na joho lake zuri. Afisa Atipoka akafika bila sare. Mgeni rasmi, yeye ni Mfrafra na sisi ni Wadagaaba, na utani wetu wa kugombea kichwa cha mbwa unaujua. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana, na kitu akikikamata mtani hakirudi bila kukombolewa.

Alituambia baadaye kwamba mfukoni alikuwa na barua ya kuomba uhamisho, na alikuwa amejiwekea nadhiri: utani ukishindwa, kesho anaipeleka. Akajipa moyo kwamba wakimpiga, watakuwa wamempiga Mfrafra, si serikali. Kisha akasogea mpaka chini ya jukwaa akapaza sauti.

"We mzee! Mdagaaba mvivu! Shuka tugawane kichwa cha mbwa! Hutaki? Basi sikia habari za nyumbani. Ndugu zako wanachoma pori siku ya soko, na kaburi lako wamelichimba kwenye nyasi. Utakuwa mtu wa kwanza kufa mara mbili!"

Waliokuwa wakilia wakacheka, hata wajane. Mzee Ziem akafoka, "Huyu Mfrafra ana kichaa!"

"Kichaa ninacho, shemeji yangu," akamjibu, "lakini mimi sijaunguza shea za mjane ili nile panya."

Marimba yakakatika. Neno hilo lilikuwa vifuani mwetu mwaka mzima, mgeni rasmi, na hakuna mwana wa Kuoyiri ambaye angelitamka akabaki na pa kulala. Yeye hakungoja jibu. Alichukua kibuyu akapita kwa wanaume mmoja mmoja, akiingiza mkono mifukoni mwao kama haki ya mtani ilivyo. "Toa! Toa, mlamba masufuria wee!" Akatoka na viberiti arobaini na vitatu, cha mwisho kikiwa cha mzee Ziem. Wakauliza ukombozi ni kuku wangapi. Akasema hataki kuku wala pito. Kila kiberiti ni siku moja ya kufyeka mkuza wa kuzuia moto, kuanzia kwenye shea zilizobaki.

Siku ya soko hakuna aliyechoma. Wote walikuwa wanafyeka. Mzee Ziem alidaiwa siku moja. Siku ya pili tukamkuta tena na panga lake, tukamuuliza vipi. Akasema, "Kaka yangu naye alikuwa na kiberiti." Siku ya tatu alikuja bila kutoa sababu, na siku ya nne tukamchagua mwenyekiti.

MAFANIKIO

Hapa, mgeni rasmi, tuvumilie, maana tutajisifu. Mkuza wetu sasa una kilomita kumi na nne na unafyekwa upya kila mvua zinapokoma. Anayetaka kuchoma shamba lake anaandika jina na siku kwenye kitabu cha katibu, anawaarifu majirani, na hawashi mpaka watu kumi wasimame na maji na matawi mabichi. Naa mwenyewe ameandika jina lake, ukurasa wa tisa, na mara moja tulimkatalia kwa sababu ya upepo. Mafiga yetu yamezungushiwa kuta za udongo, na majivu hayamwagwi kabla ya kunyweshwa maji. Wenye mzaha husema majivu ya Kuoyiri yanakunywa kuliko wazee.

Misimu minne hakuna moto uliovuka mkuza. Visiki kumi na vinne vya Perpetua vimechipua, na mwaka huu kimoja kimezaa. Kopo la siagi lililo mezani mbele yako ni la mti huo. Ni lako.

CHANGAMOTO

Pampu zetu za mgongoni zinavuja, na glovu zimebaki za mkono mmoja mmoja. Hayo tunayaweza.

Sehemu inayofuata Afisa Atipoka aliifuta kwenye rasimu, ukurasa mzima kwa kalamu nyekundu. Alisema, "Evarista, mgeni haalikwi aje adaiwe." Tumeirudisha yote. Imekuja barua kwamba wilaya yetu haijaripoti moto mkubwa kwa misimu minne, hivyo nafasi ya afisa wa kinga haina kazi na inafungwa. Jumatatu anatakiwa kituo cha mjini. Nyasi, kama ulivyoziona njiani, zimeshageuka rangi.

Mkutanoni mzee Ziem aliuliza, "Tungekuwa na mioto kumi na tisa, angebaki?" Kila mmoja alijua jibu, na kila mmoja alijua kiberiti kiko wapi. Mgeni rasmi, hatutawasha. Tumekwambia ili ujue kwamba wazo lilitupitia na tukalikataa, na aliyetufundisha kulikataa ameketi hapo kushoto kwako.

OMBI

Ombi ni moja tu. Tunakuomba uinamishe kichwa kidogo utazame chini ya meza kuu. Utaona kwamba Afisa Atipoka yuko pekupeku. Asubuhi hii, alipovua buti zake ili aingie kwa Naa, sisi watani wake tulizikamata, na mzee Ziem amezificha ghalani kwa Perpetua. Mila unaijua. Yeye mwenyewe hawezi kuzikomboa. Kuku hatutaki, pito tunayo. Ukombozi wake ni barua moja yenye sahihi yako, na bila buti haendi mjini.

Mungu na wahenga wakupe safari njema na upepo uliotulia, na shea za nyumbani kwako zizae mpaka matawi yainame.

Ni sisi, Walinzi wa Moto wa Kuoyiri.

Buti tumezipaka rangi. Ziko tayari kwa mkuza, Jumatatu asubuhi.